Goti la Heshima

Mkwe wangu Lemein ni mtu wa kutembea. Kwao ni ndani huko: ukitoka Isinya unaacha lami, unapita mashamba ya maua, unafuata nyaya za stima mpaka zinaisha, halafu bado unaendelea. Tangu amwoe binti yangu Mumbi sijawahi kumwona amekaa kwa kiti mpaka chai ikaisha. Ng'ombe wa kuuza anawapeleka soko ya Bissil kwa miguu, na kiangazi kikikaza anawafuata mpaka karibu na Namanga, anarudi amekonda kama fimbo yake lakini anacheka. Kwa hivyo Mumbi aliponipigia simu akaniambia baba watoto siku hizi anawasha pikipiki kwenda kuangalia ndama hapo nyuma ya nyumba, nilikaa chini kwanza.

Nikamuuliza anaumwa na nini. Akasema ni mguu. Mguu wapi? Mguu tu, mama, yeye anasema enkeju, enkeju, na hiyo enkeju yao inaanza kwa kidole inaenda mpaka mahali inaenda.

Mumbi alikuwa amejifungua juzijuzi na hangeweza kutoka. Akaniomba kitu kimoja. Mimi naishi Kitengela, na Kitengela iko na kliniki kila kona. Nimpeleke Lemein. Na nisimwachie mlangoni, kwa sababu akiachiwa mlangoni atatokea upande wa pili na nitaenda kumtafuta kwa ng'ombe.

"Ingia naye mpaka ndani," akaniambia. "Usikie na masikio yako vile daktari atasema."

Hilo ndilo neno lililotupoteza, na lilisemwa kwa nia nzuri kabisa.

Wacha nieleze. Lemein alipokuja kuposa, watu wake waliniletea kondoo jike mnono. Tangu siku ile yeye haniiti mama na mimi simwiti Lemein. Tunaitana Paker, kwa ajili ya yule kondoo aliyetoka kwake akaja kwangu. Watu wanaoitana hivyo wanaogopana kwa heshima. Hali chakula mbele yangu. Halali nyumbani kwangu. Akinisalimia anaangalia kando kidogo, kama mtu anayeongea na jua. Na sisi Wagikuyu pia mambo ya mkwe si ya kuchezea, mama mzazi wa bibi yako humwonyeshi hata soksi iliyotoboka. Kwa hivyo kati yangu na Lemein kulikuwa na kuta mbili, ya kwao na ya kwetu, na zote tulikuwa tunazipenda. Akija Kitengela analala kwa jirani yangu Nzula, mjane Mkamba anayekaanga samaki pale mbele ya duka la mbao. Nzula hana ukuta wowote.

Alipomwona akishuka kwa pikipiki ya kukodi siku ile ya kwanza, akaniambia mkwe wangu anatembea kama jogoo amekanyaga makaa. Lemein alisikia. Akacheka, akasema makaa ni yake Nzula, ayaangalie vizuri.

Tulienda kliniki moja hapo karibu. Kijana wa koti jeupe akamuuliza ni wapi panauma. Lemein akaniangalia, akaangalia dirisha. Mkono wake ukainuka, ukaenda juu, pale mshipi unapofungwa, halafu ukateleza polepole kwa paja mpaka ukafika kwa goti ukatulia hapo.

"Ni goti," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mkoba wangu kwa magoti. Niliuona huo mkono ukiteremka. Niliona tu, sikuwa nimejua bado nimeona nini.

Goti likapigwa eksirei. Safi. Akapewa dawa ya kuchua na bandeji. Akarudi kwake, akachua goti mpaka likang'aa, mguu ukazidi. Tukarudi, kliniki ingine, goti likapigwa tena, likawa safi kuliko la kwanza. Mtu akishasema goti mbele ya mama mkwe wake, anabaki na goti. Hawezi kesho kusema kumbe ni mahali pengine, ataulizwa ni wapi.

Mvua ya vuli ikaja ikaisha. Huko nyumbani rika lake Parmuat, ambaye wametahiriwa pamoja na hawezi kunyamazishwa, akaanza kumwita Bwana Ofisi, mtu wa kwenda kazini kwa pikipiki. Alisema ng'ombe akiwa na mguu kama ule huwa wanaalika watu na kununua chumvi. Watu wakacheka. Lakini Mumbi aliniambia Lemein siku hizo hacheki. Usiku anageuka kwa kitanda kama mtu anageuza gunia. Na kuna maneno yalianza kupita huko, kwamba picha mbili zimekosa ugonjwa, kwa hivyo labda mtu mwenyewe amechoka tu na kazi. Hilo ndilo lilimchoma. Mtu wa kutembea kuitwa mvivu ni kama kumwambia fundi hana mikono.

Basi siku moja alikuja na lori la ng'ombe. Mimi nilikuwa nimefika mapema pale malori yanaposimama, nikakaa kwa kivuli cha kibanda cha vocha, nikimsubiri. Hakujua niko hapo. Akashuka kwa ule mlango wa juu wa lori, mguu mmoja kwanza, halafu akavuta ule mwingine kwa mkono kama mtu anashusha mzigo wa mtu mwingine. Alipofika chini akasimama, na akijua yuko peke yake akajishika. Si goti. Alijishika juu, kiganja upande wa nje wa nyonga, kidole gumba mbele kwa kinena, akabana hapo akafunga macho. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Alijaribu kuinua mguu aifunge, mguu ukakataa kukunjika kwenda nje, akaiacha hivyo.

Ndipo ule mkono wa kliniki ukanirudia, vile ulianza juu ukateremka.

Sikutoka kwa kivuli. Nilimpa nafasi amalize, apanguse uso, ashike fimbo yake vizuri. Kisha nikakohoa mara moja, nikajitokeza kama niliyefika sasa.

"Paker, takwenya," akasema, akiangalia kando.

"Iko," nikajibu, vile mama huitikia salamu kwao. Na yeye akaanza kutembea akikaza goti, ili nione ni goti.

Sasa na mimi nikawa nimefungwa. Ningemwambia nini? Kwamba nimeona mahali ameshika? Hata kumwambia Mumbi kwa simu nilishindwa, nikaanza sentensi nikaimalizia kwa habari ya kuku. Nilimwambia Nzula kwa sababu Nzula huambiwa kila kitu. Akaacha mwiko ndani ya mafuta, akasema hiyo ni kazi ndogo, yeye atamwambia sasa hivi aseme kinena chake kinamuuma, kwani kinena ni cha serikali? Nikamshika mkono. Nilimjua Lemein. Akisikia jambo kama hilo limetajwa kwa jiko la samaki na mimi nikiwa nyuma ya mlango, angechukua lori la jioni na asirudi tena kwa daktari yeyote. Nikamwambia Nzula angoje. Akasema mimi nitangoja mpaka huyo mtu atambae. Nikamwambia hapana, nitangoja mpaka kesho.

Kesho yake tulikuwa tumepata nafasi kwa daktari wa mifupa, kwa hospitali kubwa iliyo kando ya barabara ya Namanga. Anaitwa Daktari Priscilla. Mama wa makamo, sauti ya chini, na juu ya meza yake ameweka mifupa ya plastiki ya nyonga, ile duara ikiingia kwa shimo lake kama mchi kwa kinu.

Akamuuliza Lemein ni wapi. Lemein akaniangalia, akaangalia dirisha, na mkono ukaanza safari yake: juu kwanza, halafu ukateleza mpaka kwa goti.

Daktari hakuangalia goti. Alikuwa anaangalia mkono. Alilikunja goti, akalinyoosha, akalibonyeza kila upande, Lemein hata hakupepesa. Akasema hili goti linaweza kucheza mpira. Kisha akataka kuushika mguu huko juu, na Lemein akaketi ghafla akajifunika vizuri na shuka yake juu ya suruali, ingawa hakuna kitu kilikuwa kimefunuka. Daktari akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Nilijua ameona kuna kitu, hajui tu ni nini.

Nikasimama.

"Daktari," nikasema, "huyu ni mkwe wangu. Kwao na kwetu, kuna mahali pa mwili hapatajwi mimi nikiwa nasikia. Hajawahi kuulizwa peke yake. Mimi natoka. Muulize tena, uanzie juu."

Sikumwangalia Lemein. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikafunga mlango nikaenda kukaa benchi ya mbali kabisa, karibu na mashine ya maji, mahali hata wakipiga kelele singesikia. Mumbi akapiga simu akauliza nimesikia nini. Nikamwambia nimetoka nje ndio tusikie. Akadhani mtandao ni mbaya.

Nilikaa hapo kwa muda mrefu. Mwishowe daktari mwenyewe akafungua mlango. "Shosho, njoo."

Lemein alikuwa na jasho kwa paji la uso, anaangalia viatu vyake. Daktari akaniambia kwa maneno mazuri, ya kufaa masikio yangu, kwamba goti ni zima na ugonjwa uko juu yake. Alipogeuza mguu kwenda ndani, Lemein mwenyewe alishika meza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema nyonga ikiugua, mara nyingi maumivu yake huteremka mpaka kwa goti, na amewaona watu wengi waliopigwa picha ya goti muda mrefu wakati nyonga ndiyo inalia.

Lemein akainua kichwa. "Kumbe sikudanganya, Paker."

Nikacheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka, na daktari naye. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja bila mtu wa tatu kutuchekesha.

Kuna ingine Lemein alikuwa amesema nikiwa nje. Tangu vumbi la ule ukame mbaya kifua chake kimekuwa kikibana, na mtu alimwonyesha vidonge fulani vidogo vyeupe vya kununua kwa kemisti. Vinafungua kifua mara moja. Akawa anavinunua kila kikibana, akavimeza mwaka na zaidi bila kuuliza mtu. Daktari alisema dawa hiyo ni nzuri ikipimwa na daktari, lakini ikimezwa hivyo inaweza kufunga njia ndogo za damu zinazolisha kile kichwa cha mfupa. Asiiache ghafla, watamsaidia kuipunguza na kumpa ingine ya kifua.

Akampeleka eksirei, sasa ya nyonga. Tukangoja. Picha ikarudi.

Safi.

Niliona uso wa Lemein ukifunguka kama lango la boma asubuhi. Alitoa simu akampigia Parmuat hapo hapo, kwa Kimaasai, lakini maneno kama picha yako wazi katika kila lugha, na cheko la Parmuat nililisikia mpaka mahali nimekaa. Mafahali walikuwa wanaondoka kwenda Bissil kesho yake. Parmuat akasema Bwana Ofisi aje mara moja, wasikae wakimngoja.

Daktari Priscilla hakucheka. Alituita tena ndani akaweka ile picha kwa taa. Mfupa ulikuwa mweupe, mviringo, mzuri wa kupendeza.

"Shosho, wewe ni wa Kitengela," akasema. "Mtu akitaka kuchimba kisima kwa ploti yake, anaangalia nyasi tu?"

Nikamwambia hapana. Tunaita yule mtu wa kupima maji, anatembeza mashine yake juu ya ardhi, anakuambia chini kuna nini.

"Basi hii ni nyasi," akasema, akagusa picha. "Eksirei inaonyesha sura ya mfupa. Mfupa unaweza kufa ndani na sura yake ibaki nzuri hivi kwa miezi. Ile mashine ya MRI ndiyo inapima ndani kama kuna uhai."

Akatuambia wazi. Kama amekosea, tutapoteza siku moja. Kama hajakosea na Lemein aende kutembea na ng'ombe juu ya mfupa uliokufa, siku moja kile kichwa cha mviringo kitabonyea kama yai lililokaliwa. Kikishabonyea hakirudi. Atawekewa nyonga ya chuma angali kijana, na kufuata mifugo mpaka Namanga asahau. Lakini wakiupata kabla haujabonyea, kuna kitu wanaweza kufanya.

Lemein alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akachukua fimbo yake, akasema asante daktari, nitarudi wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo mimi naijua. Ni ile anayoambiwa kila mtu wa kuuza madirisha.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikasema, "Paker."

Akasimama.

"Tangu ile kondoo," nikamwambia, "sijawahi kukuomba kitu. Si maziwa, si ngozi, si kunibebea gunia. Leo naomba. Hii picha moja."

Yeyote anayejua kitu kuhusu hawa watu anajua Paker hanyimwi. Ile heshima iliyomfunga mdomo miezi yote ile, sasa ndiyo ilimfunga miguu. Alisimama na mgongo kwangu. Simu yake ikalia, ni Parmuat tena, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Kisha akaegemeza fimbo kwa ukuta, pole sana, kama mtu anaweka mtoto chini.

"Umeniweza, Paker," akasema.

Mashine ilikuwa kwa jengo la nyuma. Fundi wake anaitwa Ngigi, mtu mnene mchangamfu, na kazi yake ya kwanza ni kukuvua kila chuma, maana ile mashine ni sumaku ya ajabu. Mshipi, simu, sarafu, hata kisu kidogo kilichotoka mahali sikuelewa. Ikabaki bangili. Bangili pana ya shanga, nyekundu na buluu na nyeupe, Mumbi alimtengenezea kabla ya harusi baada ya kufundishwa na dada za Lemein. Ndani imepitishwa waya, na tangu ifungwe haijawahi kutoka. Ngigi alijaribu kwa sabuni, ikakataa. Akasema ni kukata au kurudi nyumbani.

Lemein aliangalia ile bangili kwa muda. Akanyoosha mkono. Ngigi akakata waya kwa koleo na shanga zikamwagika, tukaziokota wote watatu kwa sakafu, mpaka yule fundi na tumbo lake. Nilizifunga kwa pembe ya leso yangu, fundo mbili.

Nilikaa nje ya mlango nikiwa nimeshika hiyo pembe. Mashine ilipiga kelele kama watu wanaezeka mabati, ikanyamaza, ikaanza kukoroma, ikapiga tena. Niliomba kwa Kigikuyu, kwa sababu nikiwa na haraka na Mungu Kiswahili kinanipotea. Sikumwomba picha safi. Nilikuwa nimeshiba picha safi. Niliomba kama kuna kitu, kionekane.

Lemein alipotoka nywele zimelala upande mmoja, Ngigi akamuuliza ameionaje. Akasema hicho ni kitu cha kwanza duniani kilichomkalisha bila kusonga, na wamwambie Mumbi anunue moja.

Tulipoitwa kusoma majibu, daktari alishika mlango akaniuliza kwa upole kama ningependa kungoja nje, kwa sababu picha ni ya pale pale. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kwa benchi yangu.

"Kaa, Paker," Lemein akasema. "Huo ni mfupa tu. Na ni hapa." Akaweka kiganja chake kwa nyonga, mbele yangu, hakukiteremsha.

Nikakaa.

Kwa kioo cha kompyuta kulikuwa na nyonga zote mbili zikiangaliana. Ile ya kulia ilikuwa imejaa, inang'aa, kama mwezi umekomaa. Ile ya kushoto pia ilikuwa mviringo, lakini juu, pale uzito wa mtu unapokalia, mstari mweusi ulipita umepindapinda ukakata kipande, vile ploti hukatwa kwa shamba kubwa. Hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu niliuona bila kuonyeshwa.

Daktari alisema ndani ya huo mstari mfupa umekufa. Nje ya mstari unaishi. Halafu akazungusha kidole juu ya kile kichwa chote, polepole, na nikaona anatabasamu. Hakijabonyea hata kidogo. Nyonga ya pili haijaguswa. "Tumewahi," akasema. Alirudia neno hilo, kama mtu anaonja chumvi.

Lemein aliinama karibu na kioo. Nilidhani ameogopa. Lakini alisema hivi: "Kwa hivyo niko mgonjwa kweli."

Daktari akamwambia ndiyo, mgonjwa kweli kabisa.

"Naomba hiyo picha niipige na simu," akasema. "Kuna mtu anaitwa Parmuat."

Sijawahi kuona mtu akifurahia ugonjwa wake namna hiyo, na nilimwelewa. Picha ilimfikia Parmuat kabla hatujatoka hospitali, na sauti iliyorudi kwa simu haikuwa na cheko. Parmuat aliuliza kama anaweza kufanya jambo lolote. Lemein akamwambia liko moja. Mafahali wanaondoka kesho.

Dawa yake ilikuwa kutoboa. Wanapitisha keekee nyembamba kutoka upande wa paja mpaka kile kipande kilichokufa, presha itoke, damu mpya ipate njia. Lemein alisikiliza, akauliza, "Basi mnachimba kisima?" Daktari akasema ndiyo, na kwa shimo hili tunangoja damu. Fahali mmoja aliuzwa, bima ikasimamia sehemu yake, na siku ya kazi yenyewe nilikaa na Nzula kwa benchi. Nzula alikuwa ameleta samaki wa kukaanga kwa gazeti na akalisha chumba chote cha kungojea, hata askari wa mlango.

Akatoka na magongo. Huo mguu usikanyage chini mpaka aambiwe, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ngumu kuliko kisu. Aliletwa kwa Nzula kwanza ili awe karibu na daktari. Asubuhi nampelekea uji, naweka mlangoni nageuka, anangoja nimalize kugeuka ndio anakunywa. Nzula alituona akasema hajawahi kuona watu wawili wazima wakicheza kibe cha kufichana juu ya uji. Ukuta haukuwa umebomolewa, tulikuwa tumeuwekea mlango tu.

Parmuat alichunga ng'ombe wa rika lake msimu ule wote pamoja na wake. Siku moja alipiga simu kutoka njia ya Bissil, anapumua kama mtu anasukuma gari, akauliza kama hawa ng'ombe hutembea hivi kila siku ama wameambiwa yeye ndiye anakuja. Tangu hapo Bwana Ofisi hajasikika tena.

Mumbi naye alikuja na mtoto mgongoni kumwona mumewe. Nikafungua pembe ya leso nikampa shanga zake, zote tulizookota. Aliketi kwa kibaraza cha Nzula akazitunga upya, sasa kwa uzi wa nailoni, na kifungo cha ngozi badala ya chuma. Aliponiuliza kwa nini tulirudi na picha ya nyonga na tulienda na goti, nilimwambia amuulize mumewe. Wakaongea chini chini ndani, halafu nikasikia binti yangu anacheka mpaka mtoto akaamka.

Magongo mawili yakawa moja, moja likawa fimbo. Siku ya picha ya kurudi, Ngigi alimtambua mlangoni akanyoosha mkono kuchukua bangili, na koleo tayari mfukoni. Lemein akamwonyesha nailoni. Ngigi akaikagua shanga kwa shanga, akaipitishia kifaa chake cha kutafuta chuma juu, kikanyamaza. Bangili ikaingia kwa mashine ikiwa mkononi mwa mwenyewe.

Daktari Priscilla aliziweka picha mbili sambamba, ya zamani na ya leo. Kichwa cha mfupa kilikuwa mviringo kama cha kwanza. Ule mstari ulikuwa umerudi nyuma, ploti imepungua, na pale kulikuwa na giza kulianza kuwa na mwanga. Akasema atembee. Atembee, afuate ng'ombe wake, arudi kuangaliwa akiitwa. Kitu kimoja tu alimkataza: kuruka kwa sherehe. Lemein akasema hata awali kuruka kwake kulikuwa kunaaibisha ukoo, wazee watamshukuru daktari.

Nilidhani ametoka hospitali akapanda gari la Isinya moja kwa moja, kwa sababu aliniambia ana haraka. Siku chache baadaye niko kwa mlango wangu nachagua maharagwe, nikasikia makelele barabarani. Watoto wanakimbia, pikipiki zinapiga honi, mtu wa mbao amesimamisha msumeno. Nikainua macho.

Ni Lemein. Alikuwa amesimamisha lori huko nyuma, kwa barabara kubwa, akashuka akakataa kubebwa. Anakuja na miguu katikati ya Kitengela, kati ya magari na mitumba na mama wa mboga, shuka nyekundu imepeperuka, bangili mkononi, na nyuma yake kwa kamba kondoo jike mnono ambaye hajawahi kuona mji na anagoma kila baada ya hatua chache. Yeye anamngoja, anamvuta, anatembea. Hakuchechemea. Mguu wa kushoto ulikuwa unaenda mbele na kukanyaga chini kama mguu wowote wa mtu yeyote.

Nzula akatoka na mwiko. "We jogoo," akamwita, "makaa yameisha?"

"Yameisha, mama samaki."

"Na goti?"

Lemein alikuwa amefika langoni kwangu. Akanipa kamba ya kondoo, kwa mikono miwili, akiangalia kando vile inavyofaa. Kisha akageuka kwa Nzula, na mimi nikiwa hapo nikisikia, akajipiga kofi kwa nyonga, kofi la kusikika mpaka kwa duka la mbao.

"Goti halikuwa na neno," akasema. "Ni hii nyonga. Na imepona."

Nikafunga kondoo kwa mti wa lango. Nikaingia ndani kuweka chai, nikaileta kwa kikombe kikubwa, nikaweka kiti. Nikageuka niangalie upande mwingine ili anywe.

Akakaa mpaka ikaisha.